Nyama Iliyokataa Kufunguka Rangi

Pale Mkuyuni, ukisema unakwenda buchani, hakuna aliyekuuliza bucha lipi. Bucha lilikuwa la Sufiani. Miaka ishirini na sita aliuza nyama, na watu wa Kinole walioteremka na mafenesi na mdalasini walipanda tena mlimani na nusu kilo yake imefungwa kwenye jani la mgomba. Wateja wake walinunua kwa macho na vidole. Nyama iwe nyekundu, mafuta yawe meupe, ukibonyeza irudi. Wenye mabucha wengine hununa wakibonyezewa nyama, yeye alikuwa akisema, "Bonyeza mama, bonyeza tu, ndiyo uijue."

Mwaka jana, mvua za masika zimekolea, rafiki yake Hafidhi alimwagiza ng'ombe mzima kwa ajili ya harusi ya binti yake, Jumamosi. Sufiani akanunua dume mnadani, upande wa Mikese. Lori likanasa kwenye tope, dereva akakataa kuendelea. Ikabidi dume aswagwe kwa miguu Ijumaa kutwa, kilima baada ya kilima, anateleza, anapigwa fimbo, anainuka. Alifika magharibi mate yakimtoka, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto.

Desturi ya Sufiani ilikuwa kumpumzisha mnyama siku mbili, kwa maji na majani, ndipo achinjwe. Safari hii siku hazikuwepo. Alfajiri Ahmadi, mchinjaji anayeaminiwa na msikiti mzima, akamlaza dume kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, kisu kikapita. Damu ilitoka. Sufiani aliiona. Ezekiel, bwana nyama wa pale, akakagua maini na mapafu, akagonga muhuri.

Ila nyama ile haikufunguka. Nyama njema ukishaikata, ikapigwa na hewa kidogo, rangi yake huchangamka ikawa nyekundu ya kuvutia. Hii ilibaki na weusi unaokaribia ini, kavu juu, na ukiigusa inanata. Sufiani aliitazama, moyo ukasita. Lakini kwa Hafidhi masufuria yalikuwa yameshatengwa. Akaipeleka.

Mpishi mkuu wa harusi alikuwa Hidaya, mwanamke ambaye hakuna sherehe Mkuyuni iliyopikwa bila yeye. Aliinua pande moja, akalinusa, akalipeleka kwenye mwanga. Wenzake wakaacha kumenya vitunguu.

"Kaka Sufiani," alisema, na wala hakupunguza sauti, "huyu ng'ombe kachinjwa au kafa?"

"Kachinjwa, dada. Muulize Ahmadi."

"Mimi nyama ya namna hii nimeiona mara moja tu maishani, na ilikuwa kibudu."

Kumlisha Mwislamu kibudu, mnyama aliyejifia, si kosa la biashara. Ni kumtia mtu haramu tumboni. Hafidhi akaitwa. Akaitazama nyama, akamtazama rafiki yake wa tangu madrasa. Hakugomba.

"Ichukue, Sufiani. Wakwe zangu wako njiani."

Watu wakatumwa kukamata kuku nyumba kwa nyumba. Mpaka adhuhuri habari ilikuwa imefika Kinole, na imenenepa njiani: eti dume alifia kwenye tope, akachinjwa akiwa baridi.

Sufiani alirudi nyumbani na pande la paja. Akamwambia mkewe, Zuhura, alipike na ndizi, walile barazani, kila apitaye awaone. Zuhura alipika vizuri, kwa tangawizi na tui zito la nazi. Akamnawisha mumewe, akampakulia, akakaa upande wa pili wa mkeka. Sufiani akala. Nyama ilikuwa laini, imepooza kidogo, basi. Ubaya haikuwa nao. Alipofika tonge la nne au la tano ndipo alipoona kwamba ndizi za mkewe zilitoka sufuria nyingine.

"Mama Yasmin, huli nyama?"

"Tumbo, baba Yasmin. Limeamka vibaya."

"Tangu lini?"

Zuhura akainamia sahani yake. Sufiani alimaliza nyama yote, kwa sababu watu walikuwa wanapita.

Ijumaa iliyofuata Ahmadi alisimama baada ya sala, akaapa mbele ya jamaa kwamba dume alikuwa hai chini ya mkono wake. Watu waliitikia. Wengine walimpa Sufiani mkono. Kesho yake alitundika nyama nyekundu, safi kabisa, na mpaka jioni ilikuwa bado inaning'inia. Bibi mmoja, mteja wake tangu siku za mwanzo, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ahmadi nimemwamini, usinielewe vibaya. Lakini nikiiangalia nyama yako roho inakataa. Sasa nifanyeje na roho?"

Mwezi wa sita alifunga bucha. Kibanda kikapangishwa kwa fundi simu.

Ezekiel, yule bwana nyama, alikuja kumtafuta shambani baada ya hapo. Alikuwa amekwenda mjini Morogoro, akamweleza daktari wa mifugo kisa chote, na daktari hata hakushangaa. Mnyama akichinjwa amechoka kupita kiasi, alisema, nguvu imemwishia mwilini, nyama yake hubaki nyeusi na kunata. Ni halali kama nyingine, ila huharibika upesi.

"Kumbe ningempumzisha," Sufiani alisema.

"Ungempumzisha, ingekuwa nyekundu."

Jioni alimsimulia mkewe maneno hayo kama alivyoyasikia. Zuhura alikuwa anachambua mchele; mikono ikasimama juu ya ungo, machozi yakaanza kumtoka.

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na minane," alisema. "Najua huwezi. Nilijua hata siku ile. Lakini ilikuwa nyeusi, baba Yasmin. Mkono ulikataa kwenda. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

Na kweli alikuwa amemsamehe. Lakini tangu hapo Zuhura akawa ananunua nyama kila Ijumaa, anaila mbele yake, anatafuna polepole huku anamwangalia usoni, na Sufiani hakuweza kulivumilia jambo hilo. Ijumaa ya tatu alimshika mkono.

"Usile kwa ajili yangu, mke wangu. Pika maharage."

Zuhura akaurudisha mnofu kwenye bakuli, akafunika. Wakala wali mtupu, kila mtu na upande wake wa sinia.