Kilima cha Mtandao, Oldonyo Sambu

Mwaka wangu wa kwanza kuongoza shirika letu dogo hapa Arusha, niliogopa sana kuonekana sijui mambo ya kompyuta. Kazi yetu ni kuwatembelea majumbani watoto wenye ulemavu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Muuzaji mmoja wa mifumo alipokuja ofisini na maneno yake mazito, niliitikia kwa kichwa kana kwamba naelewa, nikasaini. Madaftari tukayaweka kando, kila mtumishi akapewa kishikwambi.

Taarifa za kijiji cha Oldonyo Sambu zilifika kila jioni bila kukosa. Nikajiona hodari.

Baada ya miezi minne nilifuatana kazini na mtumishi wetu wa huko, mama wa umri wa mama yangu. Tuliwaona watoto watatu. Kisha, badala ya kurudi kwake, akaanza kupanda kilima, vumbi likitupiga usoni, mkono wake ukishikilia goti.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kutafuta mtandao, mwanangu. Kule chini haushiki, na hiki kidude bila mtandao hakihifadhi kitu. Mara mbili nimepoteza kazi ya siku nzima. Sasa naandika kwenye karatasi, halafu nakuja kuingiza huku juu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

Aliketi kwenye jiwe, akapanga karatasi zake mapajani. "Ulifurahi sana siku ulipotugawia. Nikasema, labda ni mimi tu nisiyejua."

Wote wawili tuliona haya kuuliza, ila aliyepanda kilima ni yeye.

Kesho yake nikampigia muuzaji: mfumo unaweza kuhifadhi bila mtandao, ukatuma baadaye?

"Unaweza, ni kuwasha tu," akanijibu kwa upole. "Hukuuliza."

Ukawashwa siku hiyohiyo. Nilirudi Oldonyo Sambu kumwomba mama radhi. Alicheka, akanikaribisha chai.

Mwaka huu, tulipotafuta mfumo mwingine, nilimwita mjini, nikamweka kiti cha mbele. Muuzaji mpya alieleza karibu nusu saa. Mama akanyoosha mkono.

"Siku tukiachana na wewe, taarifa za watoto wetu tunaondoka nazo?"

Muuzaji akasema itabidi awaulize wakubwa wake.

"Kawaulize," mama akamwambia. "Sisi tupo."