Mkono Nyuma ya Injini

Fundi wangu hufumba macho akifikia kazi ngumu. Sensa ya oksijeni ya gari langu kuukuu, nililorithi kwa mjomba, imejificha kwenye bomba la moshi, nyuma ya injini, ambako jicho halifiki na mkono hupita kwa kubembeleza. Kwanza huiwasha injini ipate joto, maana chuma baridi, anasema, kina kiburi. Kisha huvua saa, huitia mfukoni, huinama na kuzamisha mkono hadi begani, kimya, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.

Leo spana iligoma. Sensa ikikatikia ndani, bomba zima litang'olewa, na kesho asubuhi nampeleka mama hospitali. Nikashindwa kujizuia: "Aliyekaza hivi hana utu. Hata grisi hakupaka!" Alinyunyiza mafuta, akasubiri, akajaribu, akasubiri tena. Mwishowe kitu kikaachia kwa mlio kule ndani, akautoa mkono umechubuka, na sensa nyeusi kama mkaa. Akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Ni mimi huyo," alisema. "Marehemu mjomba wako alikuwa amesimama hapo hapo ulipo, ananiambia fanya haraka, nami nikafanya haraka." Akafungua kopo la grisi, akaanza kuipaka sensa mpya taratibu, mzunguko kwa mzunguko, bila kugusa ncha, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Nilikuwa nimeshaitazama saa yangu mara tatu. Nikaivua, nikaitia mfukoni.