Ndizi Zilizopangwa kwa Majani

Pikapu yangu ipo hapa uani, nimeifunika turubai, na chini yake kuku wamepafanya kwao. Usifikiri ni zile pikapu ndefu za juu wanazotembelea watu wa miradi. Yangu mbele ni teksi kabisa, gari dogo la kukaa chini, mlango ukiuvuta unajifunga taratibu kama mlango wa kabati. Nyuma ndiko walikokata wakaweka bodi ya kubebea mzigo.

Niliinunua Rusumo, kwa wakala mmoja wa forodha aliyekuwa anahama. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya mpakani walinicheka mpaka wakashuka kuja kuitazama. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hii ni teksi iliyoota mkia, au ni lori lililozaliwa kabla ya siku zake?" Nikamwambia nikifika nyumbani Kanazi nitaiuliza yenyewe.

Walicheka kwa sababu hawajaiendesha. Lori unalipanda, na trekta unalikalia kama punda. Gari hili unaketi ndani yake, mguu unanyooka, usukani unaugeuza kwa kidole. Nimebeba kahawa, saruji, mabati na mbuzi wa sherehe, na sikuwahi kujiona mchukuzi. Vumbi liko nyuma, mbuzi wako nyuma, wewe mbele umevaa shati safi kama mtu anayekwenda misa. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo ubaya wake pia. Mtu unazoea kwamba kilichoko nyuma yako hakikuhusu.

Mke wangu siku ya kwanza aliizunguka mara mbili, akasema tumenunua nusu gari. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kukaa mbele, kitenge kipya, kiwiko dirishani. Nikimwambia apandishe kioo vumbi linaingia, ananijibu watu watamwonaje kioo kikiwa juu.

Kasoro yake ni springi. Zimetengenezwa zibebe, kwa hiyo gari likiwa tupu linaruka kama mwanambuzi, kila shimo unalisikia kwenye meno. Mwenye gari la namna hii huwa anaweka uzito nyuma ili litulie. Mimi nilikuwa na mifuko miwili ya mchanga. Wiki ile ninayotaka kuisimulia, mchanga huo tulikuwa tumesiribia choo.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, niseme habari ya ngobyi, maana vijana wa sasa wanaiona kwenye sherehe tu. Ni machela ya kusukwa, yenye miti ya kuweka begani. Kilima chetu kilikuwa na ngobyi yake, na mwanamume aliyekataa kutoa bega alitozwa pombe. Likipigwa yowe kwamba kuna mgonjwa, mtu anaacha jembe palepale. Wanapokezana mabega huku wanatembea, hawasimami. Baba yangu alibebwa hivyo, nami nilikuwa mmoja wa wabebaji, na ninakumbuka mzee mmoja akituambia: mkisimama na mgonjwa, mnampa nafasi ya kufikiria. Gari langu lilipokuja, ngobyi ikawekwa juu ya dari ya jirani. Panya wakaila. Watu wakawa wananiita mimi, na nilikwenda, sikumkatalia mtu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya gulio. Mke wangu alikuwa anaumwa tumbo siku tatu, anasema ni la kawaida, anakunywa dawa ya majani. Asubuhi hiyo alishindwa kusimama. Jirani yetu, mama wa nyumba ya chini, akaja, tukamweka mbele, jirani akaingia upande wa dirisha ili amshikilie katikati yetu. Kilima kile tulikishuka kwa shida. Gari lilikuwa tupu, linaruka, na kila likiruka mke wangu anauma kanga yake asilie.

Pale njia panda, kabla ya kuingia lami, kulikuwa na ndizi zangu. Mikungu kumi na miwili, nimeikata jana yake, inanisubiri niipeleke gulioni. Nikasimamisha gari. Nikasema, ngoja niweke uzito, litulie, asiumie. Jirani akasema, "Umefikiria vizuri, baba."

Nikashuka nikapakia. Ilichukua muda. Nilipowasha gari tena mke wangu alikuwa ameangalia kioo cha pembeni. Akasema, "Umezipanga vizuri." Hakusema lingine mpaka hospitali, na hospitalini hakusema kabisa.

Walimwingiza ndani. Wakasema utumbo umepasuka. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka. Nilimfuata nesi mmoja kwenye korido, nikamuuliza, kama tungewahi kidogo, tuseme muda wa kupakia mikungu kumi na miwili, ingekuwaje? Akanitazama vizuri. Akasema, "Pole, baba yangu. Hapa hatupimi hivyo." Mpaka leo sijui. Huenda isingesaidia kitu. Huenda ingesaidia.

Msibani hakuna aliyekumbuka kuzishusha ndizi, mpaka wanawake walipotafuta cha kuwapikia waombolezaji. Wakazitoa kwenye bodi, wakazimenya pale pale. Watu wakala, wakashiba. Mimi niliwekewa sahani, nikaishika mpaka ikapoa.

Na ndipo hadithi ikaanza kutembea. Jirani aliisimulia kwa nia njema: mzee huyu, mkewe anaumwa vile, bado alisimama ampakilie uzito ili gari lisimtikise. Kina mama wakatikisa vichwa. Katekista akaitaja makaburini. Binti yetu, aliyeolewa Biharamulo, aliponifikia alinilalia shingoni akasema, "Baba, mama ulimpenda." Nimeinyamazia sifa hiyo miaka minne.

Mwaka huu binti alikuja. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu akasema anaiomba pikapu, aipeleke kwake Biharamulo. Wala si ya kufanyia kazi, akasema, mume wake anayo pikipiki. Anataka watoto wake wakae pale bibi yao alipokaa, awaambie babu alivyofanya siku ile.

Hapo nikaona nikinyamaza tena, wajukuu watalishwa kitu kisichokuwapo. Nikamwambia akae.

Nikamwambia: "Mwanangu, mbele ya zile ndizi ilikuwa lami mpaka hospitali. Uzito hatukuuhitaji tena."

Akasema labda nilichanganyikiwa, nani asingechanganyikiwa. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, na nilitaka sana kutoka. Nikamwambia tena, mtu anayetafuta uzito angezitupa zile ndizi ndani kama mawe akaondoka. Mimi nilizipanga. Nilikata majani ya mgomba nikayaweka katikati ya mkungu na mkungu, zisichubuke, maana mnunuzi wa gulio hachukui ndizi yenye jeraha. Mama yako alikuwa anaona yote kwenye kioo. Yeye amezaliwa kwenye migomba, alijua majani yale ni ya nini.

Binti akauliza, "Majani uliyafuata wapi?"

"Ng'ambo ya barabara," nikasema. "Kwenye shamba la watu. Nilitembea."

Hakulia wala hakunigombeza. Alinipikia chakula cha jioni, akalala, asubuhi akapanda basi. Bado ananipigia simu kila Jumapili, shikamoo baba, marahaba mwanangu, dawa ya presha umekunywa, mvua imenyesha. Habari ya pikapu hajaitaja tena.

Mwezi uliopita niliondoa turubai, nikaiwasha, ikawaka. Nikaenda nayo tupu mpaka njia panda, inaruka njia nzima. Nilipofika pale sikusimama.