Maji ya Buluu kwa Mama Zuhura

Mimi ni fundi wa maji hapa Bungoma, na kwa mdomo sijambo. Ploti nzima ya nyumba tunamoishi inajua wimbo wangu: usiache mpira wa maji ndani ya pipa, maana maji yakikatika, bomba hunyonya uchafu wote na kumpelekea jirani.

Ijumaa ile nilikuwa nimependeza. Ovaroli yangu iliyokuwa imepauka sasa ilikuwa inang'aa buluu, hata wenzangu wakauliza kama nimenunua mpya Kitale. Nikafunga maji ya mtaa, nikaziba bomba lililopasuka, nikafungua tena.

"Fundi, kuja uone!" Alikuwa Mama Zuhura, jirani yangu anayeuza mandazi karibu na msikiti. Mfereji wake ulikuwa unatoa maji ya buluu, na unga aliokuwa akikanda ulikuwa buluu pia.

Hasira zikanipanda. "Nani ameacha mpira kwa pipa? Si mimi husema kila siku? Ati mnataka kutuua? Nikimpata, namkatia maji leo leo!"

Nikazunguka mlango kwa mlango nikichungulia mapipa ya watu na kuhubiri upya, Mama Zuhura nyuma yangu na glasi ya yale maji. Nyumba zote zilikuwa safi. Ikabaki yangu.

Mama Zuhura akaisogeza glasi kando ya mkono wa ovaroli yangu. Rangi ilikuwa moja. Ndipo nikakumbuka lile pipa nililotumia kutia ovaroli rangi, na mpira niliouacha humo asubuhi.

"Fundi," akaniuliza kwa upole, "sasa maji unamkatia nani?"