Fungu la Mama Mektrida

Mume wangu Eliamini alikuwa anajifunga kanga yangu machoni, anashika kamba ya mbwa, anakatiza Majengo mchana kweupe. Maseremala wanaacha randa wanamcheka: "Mzee, mbege ya leo kali." Anatumbukia mtaroni, anainuka, anarudia. Alisema mbwa anayemwangusha yeye hawezi kukabidhiwa kipofu. Matope yale nilifua mimi, na nilifua nikisonya.

Wenzake walipopunguzwa kazi kiwandani walifungua vioski. Yeye akaanzisha chama cha mbwa wa kuwaongoza wasioona. Chama chenyewe kilikuwa mimi, yeye na banda la mabanzi nyuma ya nyumba yetu mtaani Soweto. Mama yake alikufa kipofu, tena alikufa amekaa pale pale alipokalishwa. Hilo halikumtoka moyoni.

Mbwa wa kwanza kuhitimu, Popi, alikwenda kwa Mama Mektrida, mjane wa Kibosho. Miaka yote, asipopatikana mtu wa kumshika mkono, anakosa misa. Popi akampeleka kanisani, sokoni, na kwa rafiki yake Hilda ng'ambo ya mfereji. Mferejini anasimama mpaka mguu wa mama uguse ukingo. Sharti letu lilikuwa moja: Popi asile kwa mkono mwingine ila wa Mama Mektrida.

Halafu wezi wakavunja duka la redio la mwanawe Jovin, kule Bomang'ombe. Jovin akapanda mlimani Kibosho, akamchukua Popi akamlindie duka. Hakuuliza mtu. Mama yake akaachiwa msichana wa kazi.

Tuliposikia tulikwenda Bomang'ombe, tukamkuta Popi kwenye kibanda cha giza nyuma ya duka, kafungwa mnyororo, analishwa pilipili ili awe mkali. Alitung'akia hata sisi. Eliamini akachuchumaa akalia. Mimi sikulia. Niliingia dukani, wateja wamejaa.

"Shikamoo, mama," Jovin akasema.

Sikuitika. "Mama yako yuko wapi saa hizi?"

"Nyumbani. Si nimempa msichana?"

"Nyumbani wapi? Kakalishwa wapi?"

Akacheka. "Mama, mbwa ni mbwa tu. Kazi yake kulinda."

"Basi kalale mlangoni wewe, ubweke."

Wateja walicheka, yeye akanuna. Nilimfungua Popi mwenyewe.

Eliamini alihamia Kibosho na kanga yangu, amfundishe Popi upya. Popi alimng'ata mkono, Eliamini akafunga kitambaa, akaendelea. Mama Mektrida ndiye aliyemlisha mbwa, kiganja wazi, na mimi pembeni roho juu. Siku moja nilimwambia, "Mama, huyu mbwa ameharibika."

"Hajaharibika, Veronika," akanijibu. "Amekasirika. Hata mimi nimekasirika."

Krismasi Jovin akaja na gari, mbuzi na wageni wa Dar. Akachinja, nyama ikachomwa, ukoo mzima uani. Kwetu fungu la mama halisahauliki, na mama akilikataa, amemkataa aliyelileta. Jovin akalileta mwenyewe kwenye sinia, kwa sauti ya kusikika na wote. Nilitamani kulimwaga. Tangu amchukue Popi hakuwahi kumwambia mama yake hata pole.

Mama Mektrida akalipokea, akalipapasa, akaita, "Popi."

Jovin akarudi nyuma. Mbwa akaja, akachukua kipande baada ya kipande kwenye kile kiganja, jino lisiguse ngozi. Uani hakuna aliyetafuna.

"Mama, fungu lako unampa mbwa?" Jovin akauliza.

"Ni langu. Nampa ninayetaka."

Akajifuta mikono, akashika kamba. "Nakwenda kwa Hilda," akasema. Msichana wa kazi akanyoosha mkono, mama akampita. Akapita katikati ya wageni, akashuka migombani. Mferejini Popi akasimama. Mama akautafuta ukingo kwa mguu, akaupata, akavuka.

Jovin alibaki na sinia tupu, ananitazama mimi ili nimwite mama yake arudi. Sikumwita.