Toa Betri Kwanza

Ijumaa, tarehe 19 Januari 2018. Dhoruba ya Ghatas, sikukuu ya ubatizo ya Wakristo, iliingia Iskandaria siku yake ileile ya kila mwaka, kama mgeni asiyekosea mlango. Upepo ulitoka baharini na baridi yake, mvua ikawa ya kukatika na kurudi, na maji ya mitaro yakafika kwenye vizingiti vya maduka ya Karmuz. Soko la Ijumaa halikukaa. Wauza vitu chakavu walirudi makwao na vifurushi vyao, na Wagdi, ambaye si mtu wa kukosa Ijumaa sokoni, alijikuta amekaa mezani jikoni kwake, mchana kweupe taa inawaka, mbele yake mashine ya marehemu Raafat.

Wagdi alikuwa fundi wa laini za simu, mtu wa makamo asiye na mke, maneno yake machache na kucha zake safi. Mshahara wake aliugawa kati ya chakula na kompyuta za mkoba. Si hizi za kukunja za siku hizi. Ni zile za mwanzo kabisa, nzito kama tofali, zenye skrini nyembamba ya mistari michache juu ya kibodi, ambazo waandishi wa habari na mawakala wa meli walizibeba zamani. Mjini mlikuwa na watu wachache wenye ugonjwa huo, na wenyewe walijiita Wanamkoba. Kuuziana ilikuwa aibu kwao. Mwenye chaja ya ziada aliileta mkahawani ndani ya mfuko wa mkate, akaiweka mezani bila kusema kitu, na aliyeihitaji aliichukua bila kushukuru, maana kushukuru kulifanana mno na kulipa.

Kanuni yao ilikuwa moja, na Wagdi ndiye aliyeitunga: toa betri kwanza, salamu baadaye. Betri kuukuu hutoa majimaji yanayokula bodi, kile kibao cha nyaya za ndani, taratibu mpaka ikageuka kijani. Mbaya zaidi ni ile ya ndani, ndogo kama kifungo cha koti, iliyolehemiwa kwenye bodi yenyewe. Kwa hiyo mashine ikiingia nyumbani kwako usiiwashe wala usiisifu. Ifungue, toa betri, ile ya ndani ikate kwa koleo. Raafat alipenda kusimulia jinsi alivyomletea Wagdi mashine asubuhi ya Idi, akamwambia, "Idi njema," na Wagdi akaipindua mashine, akatafuta bisibisi, akatoa betri zote, ndipo akamjibu, "Na kwako pia."

Raafat alifariki Desemba, moyo ulimsimama ngazini, mkate wa jioni mkononi. Alikuwa mwandishi wa michezo. Miaka mingi alipeleka habari za mpira gazetini kwa mashine hiyohiyo, akiiunganisha na simu ya kiwanjani. Alipostaafu, aliiweka juu ya kabati la sebuleni, na kila jioni kabla ya kula aliiwasha. Ilikuwa na programu fupi aliyoiandika mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yao, Rim: ukibonyeza kitufe kimoja, mashine inapiga kwa milio yake ya kimbuzimbuzi wimbo ambao mkewe, Nagwa, aliuvumisha puani jikoni akitoboa mamumunye ya kujaza wali. Ni wimbo usio na maneno. Wanamkoba wote walikuwa wameusikia.

Jana yake Wagdi alikuwa amekwenda mtaa wa Labban kumwona mjane. Nagwa alimfungulia chumba cha nyuma, kilichojaa mashine za Raafat.

"Hizi zote gawaneni," alisema. "Chukua wewe kwanza, halafu huyo Sidki mwenzenu asije akazipeleka sokoni."

"Hawezi, Mama Rim."

"Sidki angemuuza mama yake kama mama yake angekuwa na antena." Kisha akaishusha ile ya kabatini, ameikumbatia. "Hii haigawanywi. Lakini arobaini ni Jumatano, na vumbi limeingia kwenye vitufe. Nisafishie. Nataka ilie mbele ya watu, ule wimbo, wausikie."

"Italia."

"Nimeilisha juzi," alisema Nagwa.

Kulisha lilikuwa neno la Raafat. Mashine haibadilishwi betri, alisema, mashine inalishwa. Wagdi alitabasamu kusikia neno hilo kinywani mwa mjane. Ila moyoni alishtuka: kumbe betri zimo, na Mungu ndiye ajuaye ile ya ndani imekaa mle tangu lini. Njia nzima kwenye tramu aliishika mashine wima, isije ikavuja.

Basi Ijumaa hiyo akatoa betri nne. Akafungua parafujo, akaikuta ile ya ndani, nzima, haina doa. Hata hivyo akaikata. Mkono ulikata kama mkono wa mama unavyopangusa kamasi za mtoto, bila kuuliza. Akapiga mswaki vitufe kimoja kimoja, akafunga, akachomeka umeme, akawasha.

Skrini ilionyesha tarehe ya mwaka 1900. Chini yake palikuwa patupu: mashine hizo hukumbuka kwa nguvu ya betri tu, na zikitoka zote pamoja, kila kilichoandikwa ndani hufutika.

Hakuogopa mara moja. Raafat alikuwa mtu wa kuhifadhi, na sanduku la kaseti alizohifadhia kazi za mashine, alilolitoa Nagwa pamoja nayo, lilikuwa palepale sakafuni, kila kaseti na jina lake. Wagdi alizisoma zote, jioni ile na Jumamosi nzima, akisikiliza mlio wa kaseti kama wa nzi ndani ya chupa. Alipata mechi zilizosahaulika, wachezaji waliokwisha kuwa mababu, sare za bila kufungana. Wimbo haukuwemo. Jumamosi jioni alimpigia Sidki simu.

Sidki aliuza redio chakavu soko la Ijumaa, na alikuja na sufuria la magimbi alilopewa na mkewe, limefungwa kitambaa. Alisikiliza habari yote kabla ya kulifungua.

"Umeua mtu aliyekwisha kufa," alisema. "Hiyo inataka ufundi, Mhandisi."

"Sidki."

"Nakusifu tu. Kula."

"Raafat alihifadhi hata matokeo ya shule za msingi. Ningejuaje kwamba huu hakuuhifadhi?"

"Kitu kinacholia kila jioni nani anakihifadhi? Wewe una kaseti ya kengele ya mlango wako?"

Magimbi yalipoa sahanini.

"Sikiliza," Sidki alisema, sauti sasa ya chini. "Wimbo tunaujua. Tuandike upya. Tumeusikia mara ngapi sisi, tukingoja chakula pale? Ti-ti-ta, ta-ti-ta." Akapiga meza kwa kijiko.

"Huo si wake."

"Utakuwa wake. Yule mama anataka sauti, mpe sauti."

"Na akiuliza?"

"Hataki kuuliza. Mfiwa haulizi sanda ilinunuliwa duka gani."

Wakauandika. Sidki alivumisha, Wagdi alibonyeza namba za sauti, moja baada ya nyingine. Mahali walipotofautiana, Wagdi alichagua sauti iliyokaa vizuri sikioni. Sidki alipoondoka, aliendelea peke yake kuulainisha, mpaka ukatoka mnyoofu kama kanzu iliyopigwa pasi. Jumatano alfajiri aliupata moyo wa kusema kweli. Kufika adhuhuri moyo huo ulikuwa umemtoka.

Nyumba ya Labban ilijaa. Msomaji wa Kurani alisoma, kahawa chungu ikapita, na wanawake waliotoka makaburini waliweka mezani mikate ya rehema, ile ya kugawiwa kwa ajili ya marehemu, iliyobaki. Wagdi alikuwa ameichomeka mashine ukutani tangu alipoingia, akauandika wimbo upya haraka akiwa ameegemea kabati, mgongo wake ukiwaziba watu wasione, maana bila betri, umeme ukikatika kilichoandikwa hupotea. Nagwa alitandika kitambaa cha kudarizi chini yake.

"Wagdi," alisema, "washa."

Alibonyeza. Milio ikatoka, miembamba, mmoja mmoja, ikapanda na kushuka. Jirani mmoja alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. Sidki alitazama viatu vyake. Nagwa alikuwa amesimama na sinia, na katikati ya wimbo aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akahesabu daraja moja zaidi kuliko yaliyopo. Wimbo ulipokwisha alisema, "Mungu amrehemu," na sinia likaendelea kuzunguka.

Watu walipoanza kutawanyika, Sidki alimvuta Wagdi mkono wa koti.

"Nenda tu, Sidki," Nagwa alisema kutoka mlangoni. "Wagdi abaki anisaidie viti."

Walikunja viti. Vilipokwisha, alikaa kwenye kochi, mikono magotini.

"Nani ameupiga ule?"

Wagdi alitafuta pa kuweka macho. "Mimi. Na Sidki."

"Wake uko wapi?"

"Nilitoa betri."

"Zote pamoja?"

"Zote. Na ya ndani nikaikata."

Nje maji yalidondoka kutoka kwenye vibaraza.

"Aliniambia zisitoke zote pamoja," Nagwa alisema taratibu, kama anayerudia somo. "Nagwa, chomeka umeme kwanza, ndipo utoe. Mimi ambaye simu yangu mwenyewe inanitukana, nilikuwa nafanya hivyo. Tangu tumzike nimefanya hivyo. Wewe hukuambiwa?"

"Najua hayo. Lakini tuna kanuni yetu."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu."

Wagdi alingoja Nagwa amtukane. Angetukanwa, angepumua.

"Mlivyouandika umenyooka," Nagwa alisema. "Wake ulikuwa na kosa. Pale katikati. Siku ya kwanza aliponipigia nilimwambia, Raafat, umeuvunja mguu wimbo wangu. Akasema, mashine haikosei, mama, ndivyo unavyouimba wewe. Nikamwambia urekebishe. Akasema, rekebisha koo lako kwanza." Alicheka kidogo puani. "Tumegombana juu ya hilo tangu Rim yumo kwenye nepi. Kila jioni, kabla ya kula. Nilikuwa nangoja siku atakayokubali."

"Tunaweza kulitia kosa," Wagdi alisema. "Uvumishe. Mimi nitatafuta."

Alivuta kiti mbele ya kabati. Nagwa alivumisha, na alipofika katikati sauti yake ilipita sawasawa, bila kujikwaa. Alisita. Akavumisha tena. Ikapita tena sawasawa.

"Panapokosewa ni hapo," alisema. "Lakini vipi, sijui. Naisikia nisipoisikiliza."

Wagdi alishusha sauti moja.

"Siyo. Hiyo imelala."

Akaipandisha.

"Hiyo ni mlango wa tramu."

Akairefusha, akaifupisha, akairudia mara mbili. Nagwa alifumba macho, akatikisa kichwa. Kadiri walivyojaribu ndivyo alivyozidi kukosa hakika, na mara moja alisema, "Ngoja, hiyo," kisha, ilipopigwa tena, akasema hapana, siyo, ameifananisha tu. Giza liliingia. Hakuna aliyeinuka kuwasha taa, mpaka skrini ndogo ikawa haisomeki.

"Acha," alisema. "Mrudishie wimbo ulionyooka. Husemwa marehemu atajwe kwa mazuri yake tu. Basi na yeye sasa hana kosa."

Akaenda jikoni. Wagdi alisikia bomba likifunguliwa na kuachwa limwagike muda mrefu kuliko glasi yoyote inavyohitaji. Aliporudi, alikuwa amenawa uso, na mkononi alishika mikate minne ya rehema ndani ya gazeti.

"Ya njiani. Mvua itakukuta."

"Mama Rim, mimi—"

"Chukua, Wagdi."

Aliichukua. Ilikuwa na uvuguvugu wa jiko alikoipashia, na uvuguvugu huo ulimuumiza kuliko neno lolote. Mlangoni aligeuka.

"Ile haina betri. Ukichomoa waya, na huu tulioandika utapotea."

Nagwa alitazama kabati.

Usiku ule Wagdi hakula. Ile betri iliyokatwa ilikuwa bado kwenye kisahani mezani, miguu yake miwili ya bati juu, safi, haina doa hata moja. Mara mbili aliichukua aitupe, na mara mbili aliirudisha.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika, lakini upepo ungalipo. Wagdi alinunua betri nne kibandani kabla ya saa ya kazi, akaenda Labban kwa miguu, akasimama chini ya dirisha la ghorofa ya tatu, akaita mara moja. Nagwa alitoka na shali kichwani, akamtazama, akateremsha kapu kwa kamba yake kama anayengoja mkate.

Wagdi aliweka betri kapuni. Mkono ulibaki ukingoni mwa kapu.

"Umechomoa?" aliuliza.

"Bado."

"Basi ziweke hivyohivyo, waya ukiwa ukutani."

"Najua kulisha," Nagwa alisema kutoka juu.

Kapu likapanda, likigonga ukuta kila ghorofa. Dirisha likafungwa. Wagdi alisimama chini ya kibaraza muda kidogo, ameinua kichwa. Hakusikia kitu ila tramu. Kisha akafunga vifungo vya koti, akaenda kazini.