Baiskeli ya Baba na Jumapili za Kibamba

Enzi zetu mume hakupekuliwa simu, alinuswa kanzu. Mama yangu aliijua kazi hiyo kuliko wanawake wote wa Kinondoni. Baba akirudi matembezini, Mama alimpokea kanzu kwa mikono miwili na heshima zote, akaingia nayo chumbani, nasi watoto tukachungulia na kumwona pua imezama kuanzia kwenye kola hadi kwapani. Siku hizi wajukuu zangu wanashinda wakibahatisha namba za siri za simu za waume zao, wanajiona wajanja. Wangekutana na Mama!

Ilikuwa zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, nami nina miaka tisa hivi. Kinondoni yetu ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za makuti zilizotawanyika. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, tukaenda chuoni kusoma Kurani, tukirudi tulicheza rede kwa mpira wa matambara hadi tuitwe mara tatu. Tulilala wanne kitanda kimoja cha kamba, chini ya blanketi moja la kijivu lenye mstari mweusi. Baba alirudi nalo kutoka vita vya Mjerumani. Lilikuwa zito, liliwasha shingo, na wakati wa masika lilinuka kama beberu, lakini tuligombania kulala katikati yake. Mtoto wa leo akikosa feni analia.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini. Alikuwa mpole, maneno yake machache, hata kikohozi chake alikizuia. Alipojaliwa kununua baiskeli kuukuu kwa karani mmoja, tuliimba mtaa mzima. Mama hakuimba. Kwa maana tangu siku hiyo Baba akawa anatoka kila Jumapili asubuhi na kurudi alasiri, na akiulizwa anasema amekwenda kunyoosha miguu.

"Wiki nzima anakanyaga cherehani," Mama alimwambia jirani, "halafu Jumapili ananyoosha miguu kwa kukanyaga baiskeli?"

Tena kulikuwa na mambo mawili yaliyomkosesha Mama usingizi. Kila Jumamosi Baba aliupaka mnyororo mafuta ya nazi mpaka baiskeli ikawa haisikiki ikipita. Na kengele, ile kengele tuliyoipenda, aliifunga kitambaa. Mwanamume anayenyamazisha baiskeli yake anakwenda wapi? Hata mimi, kwa umri wangu, nilianza kumtazama Baba kwa jicho la pembeni.

Basi Jumapili moja Mama akasema kwa sauti tamu, "Baba Zuhura, mchukue na huyu mtoto akapunge upepo." Baba alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua. Lakini alikunja gunia, akalitandika kwenye keria, akanipandisha.

Mama alikuwa ameshanipa mafunzo. Nitazame kamba ya nguo, kuna kanga za rangi gani. Nitazame misumari ya ukutani, kuna nguo ya kiume au hakuna. Na zaidi ya yote, akitiliwa chai, je, mwenye nyumba anamuuliza sukari vijiko vingapi, au anatia tu? "Mwanamke asiyeuliza, mwanangu, anajua," alisema.

Tulishika njia ya Morogoro. Ilikuwa udongo mwekundu na mchanga, na baada ya Ubungo ni mapori na mashamba tu. Baiskeli ilikwenda kimya hata kwale hawakuruka. Pale Kimara penye mlima tulishuka, Baba akaisukuma, akanyoosha kidole kando ya njia. "Hapa Mjerumani alitufunga kamba." Mbele kidogo kulikuwa na shimo refu lililojaa majani. "Handaki hilo. Tulilichimba kwa siku mbili, hawakulitumia." Kila mahali alitoa sentensi moja, kama mtu anayesoma kibao. Alipitishwa njia ile akiwa kijana, amekamatwa kuwa mpagazi wakati Mjerumani akikimbia na kuzoa kila mwanamume mwenye mabega. Nilimsikiliza, lakini moyoni nilijiuliza kama ananizuga ili nisahau nilichotumwa.

Kwenye vijiji watu walitutazama vibaya. Mama mmoja alipoiona baiskeli alimvuta mumewe ndani na kufunga mlango. Nikamuuliza Baba kwa nini. Akasema mwenye baiskeli huku ni karani wa kodi, wakisikia kengele wanaume wanakimbilia msituni. Hapo nikajua kitambaa kilikuwa cha nini. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba hilo Mama hatalikubali.

Tulifika Kibamba. Nyumba ndogo, uwanja umefagiwa, na akatoka mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunga kanga ya njano. "Karibu, shemeji," alimwambia Baba. Nikampa shikamoo, akanishika kidevu. Aliitwa Bi Tatu. Alitutandikia mkeka, akaleta chai, na kwenye kikombe cha Baba akatia sukari vijiko vitatu. Hakuuliza.

Nikatazama ukutani. Kwenye msumari ilitundikwa kofia ya kiume ya vito, ile inayodariziwa matundu kwa mkono, nyeupe, imefuliwa na kupigwa wanga, imesimama wima. Nilitaka kulia. Wao walizungumza habari za mvua na nguruwe wanaokula mihogo. Baba alifungua mdomo mara nyingi kuliko alivyosema. Tulipoondoka, Bi Tatu alisimama njiani akitusindikiza kwa macho hadi tukapotea.

Nyumbani Mama alinifungia jikoni, nikasema yote. Shemeji. Sukari. Kofia.

"Shemeji!" Mama alicheka kicheko kibaya. "Wote huanza hivyo. Na kofia ameshatundika!"

Nilitegemea sahani zitaruka. Mama hakuinua sauti. Alivuta mbuzi, akakaa, akaanza kukuna nazi mbele ya Baba, na nazi mbili ziliisha kabla hajasema.

"Baba Zuhura. Yule wa Kibamba umemwoa, au bado unamchumbia?"

Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kusahau uso ule. Sikuona hasira ndani yake. Nilimwona mtu aliyechoka anayetuliwa mzigo.

Alisema ile kofia ni ya Salumu, mume wa Bi Tatu. Walikamatwa siku moja, wakafungwa kamba moja, wakabeba mizigo pamoja mpaka Rufiji. Huko mvua haikukoma na chakula kiliisha. Asubuhi moja Salumu hakuinuka. Safu haikuruhusiwa kusimama. "Nilikuwa natetemeka," Baba alisema. "Nilimvua blanketi lake nikajifunika, nikaendelea na njia. Sijui mpaka leo kama alikuwa amekwisha kufa."

Miaka yote hakuthubutu kufika Kibamba. Alipopata baiskeli alikwenda kumpa mjane habari. Kumbe Bi Tatu hakujua kuwa ni mjane. Ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kwenda kwa kadhi ili aachanishwe na mume aliyepotea, maana ametokea mtu wa kumposa. Akamuuliza Baba, "Ulimwacha vipi Salumu?" Na Baba, kwa woga, akajibu, "Nilimwacha mzima." Bi Tatu akarudisha posa, akafua kofia. Kila Jumapili tangu hapo Baba alikwenda kulifuta neno lile, na kila Jumapili alirudi hajalifuta.

Mama aliacha kukuna. "Umemfunga mwanamke mwenzangu kwa maneno mawili," alisema. Hapo ndipo alipopandisha sauti, na majirani wote walimsikia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda watatu, mimi kwenye bomba la mbele, Mama kwenye keria amekaa upande na buibui lake, ameshika furushi mapajani. Kabla ya kuondoka alikifungua kitambaa cha kengele. "Leo tunakwenda tukisikika," alisema. Wanaume wa vijiji vitatu walikimbilia msituni.

Bi Tatu alimtilia Baba vijiko vitatu, kisha akamgeukia Mama. "Wewe vingapi, dada?" Mama akasema viwili, akamkodolea Baba macho. Baba akasema. Alisema yote, hata la blanketi, ameinamia mkeka.

Bi Tatu hakupiga yowe. Aliinuka, akaiondoa kofia msumarini, akaipakata. "Mtu aliyemwacha mwenzake mzima," alisema polepole, "haji kila Jumapili kwa miezi kumi na minne. Nilishajua, shemeji. Nilikuwa nakungoja useme, maana kadhi hatoi hukumu kwa shaka yangu."

Ndipo Mama akafungua furushi. Lilikuwa blanketi letu la kijivu. Bi Tatu aliupitisha mkono kwenye mstari mweusi, akalisogeza puani, na mara akatabasamu huku machozi yakimtoka. "Linanuka watoto," alisema.

Shehe alisema muda wa eda ulishapita zamani. Bi Tatu akasema yeye atakaa yake, miezi minne na siku kumi, na akakaa. Kila Jumapili Mama alimpelekea chakula kwa ile baiskeli, na Baba, kwa kuwa haikumpasa kuingia, alimngoja barabarani. Yule mposaji hakurudi, alikuwa ameshaoa Ubungo. Hilo Baba hakujisamehe mpaka anaingia kaburini.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Kibamba kwa gari. Nyumba juu ya nyumba, makelele, na lile handaki sikuliona, nadhani limejengewa. Njia nzima alikuwa ananieleza alivyogundua siri ya mumewe kwenye simu, akamwacha siku hiyohiyo bila hata kumuuliza neno. Nilimtazama. Mama yangu alishuku kuliko yeye, lakini Mama aliuliza, kisha akakaa kusikiliza jibu.

Masika ya mwaka ule tulilala wanne chini ya kanga mbili. Tulitetemeka usiku kucha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza blanketi liko wapi.